Kombo Hakuukata Mtandao

Raya,

Dua umeshaombewa na mama yako tangu asubuhi, na majirani wameongeza zao. Mizigo imefungwa, tiketi ya meli unayo, na huko Dar es Salaam kuna watu wa kukupokea. Mambo ya nini uvae, nani umsalimie na nani umkwepe atakuwa ameshakwambia mama. Kama ulitarajia barua ya mzee anayelia kwa sababu binti yake anaondoka, iweke chini ukalale. Sikuandikii kwa upole. Watu wa nyumba hii wamenionea huruma kwa ajili ya figo zangu, na huruma yao nimeifanya blanketi, nimejifunika nayo nikanyamaza.

Neno lenyewe ni hili. Kombo Faki hakuukata mtandao wa Panza. Hakuukata siku aliyofariki mtoto wa shangazi yako Mize, wala siku nyengine yoyote. Mimi nilikuwa najua. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitalisema mbele ya watu, na sitaki ulisikie kutoka kwao kwanza.

Wala usidhani nimeanza kumpenda. Simpendi Kombo. Ni mtu wa majivuno, hucheka kabla hujamaliza kusema, na chama chake nilikichukia wakati ule na nakichukia mpaka leo. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mwema. Si mwema sana, ni mtu tu, na hakufanya lile tulilosema amelifanya. Nalitanguliza hili kwa sababu nakujua: utatafuta njia ya kusema ugonjwa umemlainisha baba. Haujanilainisha. Nimekuwa mchungu zaidi, muulize mama yako.

Ulikuwa umeanza skuli juzijuzi, kwa hiyo utakumbuka matusi tu, hutakumbuka kazi yenyewe ilivyokuwa. Ulikuja mradi wa afya ukaleta vyombo vya kuiunganisha hospitali ya Mkoani na kituo cha afya cha Kisiwa Panza bila waya. Simu za mkononi kule kisiwani zilikuwa hazishiki. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, nimesomea mawimbi ya redio ng'ambo, na hapakuwa na mwengine wa kumpa kazi hiyo. Kutoka Mkoani dishi lilikuwa haliioni Panza, kwa hiyo tulitaka nyumba ya katikati, ya kupokea na kurusha. Nyumba iliyofaa ilikuwa ya Kombo, hapa hapa kijijini kwetu, juu ya kilima kinachokitazama kisiwa. Akatupa paa lake bure. Kutoka pale mpaka Panza ni maji matupu, na mimi nikafurahi, nikasema hakuna mti wala jumba la kuzuia. Mimi ndiye niliyechagua urefu wa nguzo. Mimi ndiye niliyelielekeza dishi na kukaza skrubu zake. Lishike hilo, maana kila nililolifanya baadaye limetokana nalo.

Ofisini Mkoani nilikuwa na kompyuta ambayo kazi yake ilikuwa kubisha hodi Panza kila baada ya muda mfupi na kuandika kama imejibiwa. Ikajichorea mstari. Ukiwa juu, Panza ipo. Ukianguka, Panza haipo. Ndiyo kazi unayokwenda kuifanya wewe, isipokuwa mistari yako itakuwa mingi na kiti chako kitakuwa kizuri zaidi.

Ukafika mwaka wa uchaguzi. Unajua tulivyokuwa, kwa sababu hatujapona. Hatukuzikana. Hatukualikana harusi. Duka lilikuwa na chama, chombo cha kuvukia kilikuwa na chama, hata bi harusi alitazamwa kwanza baba yake anapiga kura wapi. Na katikati ya hayo mstari wangu ukaanza kuanguka. Kuna siku ulikuwa mzima mchana kutwa, na kuna siku ukifika saa kumi jioni unazama kama jiwe, halafu baada ya muda unarudi wenyewe. Saa kumi ndiyo saa mikutano yetu ya hadhara ilipokuwa inashika moto. Vijana wetu wa Panza walikuwa na mtindo wa kukaa nyuma ya kituo cha afya wakidokoa mtandao wa nesi wapate habari za mkutano. Na dishi lilikuwa juu ya paa la Kombo, na Kombo alikuwa mtu wa upande wa pili.

Sikuhitaji zaidi ya hapo. Ukimchukia mtu, Raya, ushahidi hukujia wenyewe, umeshavaa nguo.

Nitakupa mfano, na huu ndio unaoniuma kuliko yote kwa sababu ni wa kazi. Ule mstari ulikuwa ukianguka saa kumi ya pili pia, ya alfajiri. Niliuona kwa macho yangu kwenye skrini. Na saa kumi ya alfajiri nani anahutubia? Popo? Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angesimama hapo akasema, mwalimu, kuna jambo jengine. Mimi nilijiambia Kombo huamka kabla ya adhana akachomoa waya wakati watu wamelala, tusijue kama anafanya kwa ajili ya mikutano. Mjanja, nikasema. Nikamwongezea ujanja ili chuki yangu isipungue.

Ndipo Mize akashikwa na uchungu kule Panza alikoolewa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nesi akawa anaandikiana na daktari wa Mkoani kupitia mtandao, wamvushe au wasimvushe. Ilikuwa jioni. Daktari akajibu, jibu likakatikia njiani. Mtandao uliporudi, mtoto alikuwa ameshafariki. Baadaye daktari aliniambia hajui kama mtoto angeokoka hata kama Mize angevushwa. Sikumpelekea Mize maneno hayo. Hayakunifaa.

Ijumaa iliyofuata nilisimama nje ya msikiti, watu wamekwisha kuswali, nikasema kuna mtu kati yetu anayechomoa waya ili wenzake wasipate habari, na kwa mkono huo huo amemuua mtoto wa dada yangu. Sikumtaja jina. Pale tuliposimama paa lake lilikuwa linaonekana, na watu wakaligeukia.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wetu. Kwa upande wake yalikuwa hivi. Duka lake lilifungwa kwa kukosa wanunuzi. Alipofiwa na mama yake, hakuna mwanamme wa kijiji hiki aliyekwenda kulishika jeneza, akaita watu wa kijiji cha Kengeja waje wambebee. Chakula cha khitma kilipikwa kama kinavyopikwa, na sufuria zikarudi jikoni zimejaa. Na wewe uliniuliza kwa nini usicheze tena na Zuwena binti yake, nikakujibu, "Hao si watu wetu." Ukalia jioni moja, halafu ukazoea. Ulizoea vizuri kuliko nilivyotaka.

Maana sasa nataka kukusema wewe. Mwaka jana uliponipeleka hospitali tulimkuta Zuwena mlangoni na mwanawe mgonjwa begani. Akakupa salamu. Ulimpita kama unavyopita ukuta. Salamu ya Kiislamu, Raya, kujibu ni wajibu, na wewe uliimeza. Mimi nilikuwa nyuma yako kwenye kiti cha magurudumu, nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu wangu. Nilipofika nyumbani furaha ile iligeuka aibu. Nilikuwa nimekutengeneza kwa uongo, na uongo ulikuwa unatembea kwa miguu yako mizuri, umesoma, una shahada.

Nirudi kwenye dishi. Baada ya Ijumaa ile vyombo tuliviteremsha kwa Kombo tukavipeleka nyumbani kwa mjomba wako Bakari, mtu wa chama chetu, kilima kile kile, upande wa juu kidogo. Chumba cha vyombo kilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ukapita muda mfupi, mstari ukaanguka. Saa kumi jioni. Kwa Bakari.

Siku ile nilibaki ofisini watu walipoondoka. Nikayatandaza maanguko yote, ya kwa Kombo na ya kwa Bakari, nikayatazama kama mwalimu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Kila siku mstari ulikuwa ukianguka kwa kuchelewa kidogo kuliko jana yake. Siku chache ukifanya hivyo, halafu ukitulia, halafu unarudi tena. Ulirudi mwezi ulipoandama, na ulirudi mwezi ulipokuwa mpevu. Mtoto gani wa Pemba asiyeijua saa hiyo? Mimi nimezaliwa ufukweni. Ilikuwa bamvua. Maji yakijaa mpaka mwisho, mawimbi ya dishi yanafika Panza kwa njia mbili, moja iliyonyooka na moja iliyogonga uso wa maji ikaruka. Kwa urefu ule wa bahari na urefu ule wa nguzo, hizo mbili zilikuwa zikifika zimepingana, moja inaiua nyengine. Maji yakishuka kidogo, zinapatana, mtandao unarudi. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana, mtandao haukatiki. Mize alishikwa na uchungu siku ya bamvua kubwa.

Bahari ilikuwa inajaa na kutoka kama ilivyofanya tangu kabla ya vyama vyote. Aliyeweka nguzo bila ya kuyahesabu maji ni mimi.

Unaona sasa. Kama si Kombo, basi ni mimi. Hapakuwa na wa tatu. Nilikaa na jambo hilo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimelala.

Ningeweza kusema wakati ule. Dada yangu alikuwa bado anavuja maziwa ya mtoto asiyekuwapo, na uchaguzi ulikuwa mlangoni, na kusema "nimekosea, Kombo hana hatia" kulikuwa ni kuwapa wenziwe ngoma ya kuipiga kijiji kizima. Hizo ndizo sababu nilizojipa, na zilikuwa za kweli, na zote zilikuwa pazia. Nyuma ya pazia alikuwapo mwalimu aliyesoma ng'ambo ambaye hakutaka kuitwa mjinga.

Nikamwambia Bakari nakwenda kulisafisha dishi. Nikapanda, nikalegeza skrubu, nikaliteremsha kwenye nguzo mpaka nilipohesabu, nikakaza. Mstari haukuanguka tena, bamvua wala mafu. Na Bakari akaenda barazani akasema, "Mnaona? Tangu utoke kwa yule mnyama, haukatiki." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwapo, nikanywa kahawa yangu. Hiyo ndiyo dhambi yangu hasa. Kukosea hesabu ni kosa la kazi. Lakini lile tengenezo langu, lililokuwa sahihi, nililifanya ushahidi wa kumfunga mtu, na amekitumikia kifungo hicho mpaka leo, akiishi na watoto wake tu.

Utakaa mbele ya skrini zako, na mistari itaanguka, ya mabenki, ya mahospitali, ya watu usiowajua. Wakubwa watakuja kwako wakiwa na jina tayari: fundi fulani, tawi fulani, mtu wa kabila fulani. Wakati mwengine watakuwa wamepata. Lakini jibu likikufurahisha, lipime tena, na ulipime kwa saa ambayo halikufai. Mimi nilikuwa na saa kumi ya alfajiri mkononi mwangu nikaitupa. Na ukishatengeneza, sema ulichokitengeneza. Fundi anayeponya kimya kimya ni mtu wa kuogopwa.

Juzi nilimwambia Mize. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo mie nimemchukia mtu bure, miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Nipe basi mwengine wa kumchukia."

"Nipo mimi."

"Weye unaondoka," akasema. "Nitabaki na nani?"

Akaenda jikoni, akanikorogea uji, akaniletea. Ulikuwa hauna sukari wala chumvi. Nikaunywa. Mama yako alipoambiwa naye alisema neno moja tu, na tangu hapo hajasema nami: "Umengoja binti yangu anaondoka ndo uvue nguo?"

Jana nikampigia simu Kombo. Akaja, akasimama mlangoni, fimbo mkononi. Amezeeka vibaya kama mimi.

"Ingia ukae," nikamwambia.

"Sikuja kukaa. Miguu yangu imesahau kiti cha nyumba hii kiko wapi."

"Kombo, haikuwa weye. Yalikuwa maji. Bamvua ilikuwa—"

Akacheka, sijamaliza. "Kuwa haikuwa mie nnajua, yakhe. Nilikuwapo."

"Niligundua mtandao ulipohamia kwa Bakari."

Hapo hakucheka. Alihesabu miaka, niliona midomo yake ikienda. "Kabla mama hajafa, au baada?"

"Kabla."

"Ulikuwa dirishani hapo alipopitishwa. Na kikombe. Nimekaa nikijiuliza, yule alikuwa anakunywa nini?"

"Sikumbuki."

"Hata hilo hukumbuki." Akaegemea mlango. "Sasa unatakaje?"

"Nataka radhi yako."

"Unataka ufe vizuri. Kufa ovyo, kama tulivyoishi ovyo wenzio."

"Niambie nifanye nini."

"Ulinisemea wapi?"

"Nje ya msikiti."

"Basi."

"Siwezi kusimama, Kombo."

"Maiti nayo haisimami, na msikitini inapelekwa."

Nikamuuliza kama atakuja kusikiliza. Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wavivu. "Nije nisikilize nini? Mie nnajua. Wao ndo hawajui." Akaondoka bila ya kuaga, na radhi hakunipa. Sijui kama atanipa. Sikumlaumu, ingawa nilikasirika, na nikakasirika zaidi kwa kuwa alikuwa na haki.

Kwa hiyo kesho, wewe ukiwa kwenye meli, nitabebwa pamoja na kiti changu mpaka uwanja wa msikiti. Nimeichagua saa hiyo kwa makusudi, na barua hii nitaitia mkobani mwako uikute njiani. Ungekuwapo ungenizuia, kwa mapenzi au kwa fahari, na sitaki kujua ipi kati ya hizo ina nguvu zaidi kwako.

Bakari ameshajua. Alikuja leo mchana, naye hakuketi. Siku hizi hakuna anayeketi chumbani kwangu. "Shemeji," akasema, "unataka kutuvua nguo mbele ya watu wale kwa ajili ya jambo la zamani?"

"Kwa Kombo si la zamani."

"Tutasema ni dawa. Mgonjwa wa figo huchanganyikiwa, kila mtu anajua."

"Semeni."

"Kesho nitampigia Raya. Raya ni msomi wa mambo hayo hayo ya mitandao. Akisema baba yake anaweweseka, hakuna atakayekuamini weye."

Na ni kweli, mwanangu. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, kuliko figo. Mimi nitasema, na wao watakutazama wewe. Ukisema baba ameweweseka, Kombo atazikwa kama alivyozikwa mama yake, na wageni, na Zuwena atairithi laana isiyokuwa yake, na mwanawe baada yake. Ukisema ni kweli, utakuwa umemwambia shangazi yako, na mjomba wako, na kijiji kizima kilichokulea, kwamba baba yako alikuwa mwongo mwenye elimu. Hakuna njia ya katikati. Nimeitafuta.

Sikuombi uniamini. Una elimu zaidi kuliko niliyokuwa nayo. Vipimo vyote vimo kichwani mwangu bado, na nimeviandika nyuma ya karatasi hii: urefu wa kilima, urefu wa nguzo zote mbili, umbali wa kituo cha Panza, na kiwango cha maji bamvua ikijaa. Piga hesabu ukiwa safarini. Una saa za kutosha na hakuna wa kukusumbua. Kama hesabu zako zitanikataa, mwambie Bakari nimechanganyikiwa, nami sitakuwa na neno. Kama zitanikubali, akipiga simu mjibu alichokuuliza, usiongeze na usipunguze, na wala usinitetee. Usiseme nilikuwa na sababu zangu.

Halafu, ukiweza, mpigie Zuwena umrudishie salamu yake.

Mimi baba yako,
mwenye akili zake zote